Chumba cha Rutamba

Lindi mjini kuna feni, shuka nyeupe,
choo cha ndani, elfu thelathini pamoja na chai.
Ulitaka pale. Ulishaanza kuhesabu noti.

Nikasema, tukaone kwanza kwa Somoe:
chumba cha uani, mlango wa bati,
dirisha lisilopitisha hata kichwa,
ila ziwa zima limeingia humo.

Mwezi wa kumi. Mabibo yamefurika ndoo,
harufu yake imetutangulia kitandani.
Somoe akamimina uraka, kikombe kimoja, watu wawili.
“Onjeni. Bei tutaongea kesho.”

Ukauliza chandarua kina matundu mangapi.
“Sijahesabu. Mbu ndio wanajua.”

Usiku kiboko alikoroma ng’ambo.
Wewe ulimtangulia,
viatu miguuni,
hela ya feni mfukoni.