Jina Lilifika Kwanza

Seabata, kalamu imeganda,
nimeipasha moto kwapani kama yai bichi.
Theluji iliingia usiku bila kubisha,
imefunika zizi na samadi ya farasi,
hata choo cha mama yako leo kina heshima.

Asubuhi alipita mtalii, koti jekundu, pua jekundu,
akaniuliza nchi yetu ina nini cha ajabu.
Nikamwambia hatuna bondeni.
Pahali petu pa chini kuliko pote
ni juu kuliko vilele wanavyojivunia wengine.
Nikamwambia nchi moja imetuzunguka
kama ute unavyozunguka kiini,
na anayetoka hapa, awe anakwenda harusini au msibani,
hupiga hodi kwa jirani yuleyule.

Akaandika. Akataka kupiga picha blanketi langu.
Nikamwonyesha mistari inavyosimama wima:
ikilala, nasi tunadumaa.
Akacheka, akaandika tena.

Hili hakuliuliza:
kwamba siku niliyoletwa kwenu, kichwa kimefunikwa,
mama yako alinivua Keneuoe, jina la kuzaliwa,
akanivika 'Mapulane.
Mama wa Pulane! Mama wa Kimvua!
Pulane mwenyewe hakuwepo.
Mwaka wa nne huu, kisimani, dukani, kanisani,
naitikia kwa jina la mtoto
aliye bado njiani, kama baba yake.

Wala sikumwambia habari ya shamba.
Unalikumbuka, lile la babu yako, chini ya mwamba wenye ufa?
Samaki wanapita sasa palipoinama mtama.
Juu yake bwawa limetulia, zuri, la kupigwa picha,
nami nalipita na ndoo kichwani
kwenda kukinga chemchemi inayotoa tone, ikafikiri, ikatoa tone.

Maji ya bwawa si yetu, yameuzwa.
Yanatoboa mlima kwa handaki,
yanavuka mpaka usiku na mchana,
hakuna afisa anayeyauliza yanakaa siku ngapi,
hakuna anayeyagongea muhuri.
Wewe ulisimama kwenye foleni ya daraja la Maseru
tangu alfajiri hadi jua la utosi.

Basi sikiliza.
Jana nilishuka hadi mto Bokong,
nikavunja barafu kwa kisigino,
nikanawa mikono humo. Makusudi.
Mpaka viwiko.
Mto unaingia bwawani, bwawa linaingia handakini,
na siku moja, sijui lini, huko Carletonville,
utapanda kutoka shimoni na vumbi la dhahabu ya watu kooni,
utafungua bomba.

Ukionja moshi wa samadi,
usiende kulalamika manispaa.
Ni mimi.

Mabasi ya Krismasi hujaa, kata tiketi mapema.
Soksi usilete, ninazo.
Jina limechoka kumsubiri mwenyewe.