Doa kwenye Karatasi ya Eburru

Ofisi ya ramani, Nakuru, ghorofa ya pili:
kazi yangu ni kulisha mashine karatasi kuukuu.
Leo ni zamu ya Eburru,
karatasi iliyokunjwa mara nane,
mikunjo imelika, mlima umekatika vipande.

Naipapasa kama mkunga apapasavyo tumbo.
Hapa kontua zimebanana, ni genge.
Hapa zimeachana, uwanda wa majivu ya kale.
Hapa zimejizungusha, duara ndani ya duara,
vishale vidogo vikielekea ndani:
kinywa cha volkano, kimeota mitarakwa.
Na kijani kimemwagwa kote, kijani kimoja,
kana kwamba msitu ni rangi.

Mpimaji alikuwa na jicho, simnyimi haki yake.
Hakuna jabali lililomponyoka.
Aliandika "Mivuke" pale ardhi inapopumua.
Hakuandika kwamba bibi yangu Tabutany
aliutega mvuke huo kwa magome na majani,
alfajiri akakinga maji, tone,
tone,
mlima usio na mto ukamnywesha na mbuzi wake.
Kando ya mivuke, kwa herufi za mlazo:
"Hakuna makazi."
Na katikati ya hapo pasipo makazi
pana njia, nukta nukta nukta,
inashuka, inapinda, inakwepa kitu kisichochorwa.
Nani aliikanyaga?

Ndipo nikaliona doa.
La kahawia, upana wa kidole gumba,
ukingoni mwa kasoko ndogo isiyo na jina.
Nikalinusa. Miaka sabini haibakizi harufu,
ila ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, linang'aa.

Kobei, kaka yake bibi, alibeba mnyororo wa kupimia
kwa shilingi chache na blanketi.
Hakupita mzinga bila kuujulia hali.
Pengine waliulizana, tuko wapi sasa?
naye akaonyesha,
asali ikiwa bado kidoleni.

Pengine ni chai ya bwana. Sijui.

Bi. Nafuna, mkuu wangu, amepita na kikombe chake:
"Madoa yote yasafishwe kabla ya kuhifadhi."
Nimefuta ukungu, nimefuta kutu ya pini,
nimefuta hata mduara wa glasi ya mtu fulani.
Kidole nimekiacha.

Na chini, kwenye ufunguo wa alama,
palipobaki nafasi finyu baada ya "Mivuke",
nimechora doa dogo, nikaandika mbele yake:
makazi.