Waliofikiwa

Fomu ya dayosisi ina mstari mmoja ulionishinda:
idadi ya waliofikiwa katika juma la vijana.
Nimeketi nayo tangu kengele ya alfajiri,
kalamu inasuasua,
kibatari kinanifukiza pua.

Nilitoka Njombe na sweta mbili,
gitaa lililopungukiwa uzi wa tatu,
na mahubiri saba, kila siku na lake,
yamepigwa chapa, yamebanwa pini.
Mahuta ikanipokea kwa jua la kupasua kisogo.
Sweta nikazifanya mto.

Jumatatu kanisani tulikuwa watatu:
mimi, katekista Fulgensi Nandonde,
na kuku aliyeatamia nyuma ya mimbari.
Vijana wako wapi?
Fulgensi akacheka, akaelekeza kidevu kwenye mikorosho.
"Korosho haingoji amina, mwinjilisti.
Ikianguka usipoiokota wewe, ataiokota mwenzio."

Basi kesho yake nikainama nao.
Ndoo kiunoni, majani makavu hadi kwenye vifundo,
na mgongo wangu, uliozoea kiti cha ofisi,
ukaanza kuungama dhambi nisizozitenda.
Melania Chitanda akanitazama nikipambana na bibo:
"Usivute. Zungusha."
Nikavuta. Maji yakaniruka shati jeupe.
"Zungusha, nimesema."
Mahubiri ya siku ile yalihusu mavuno.
Niliyaacha mfukoni,
yakalowa pamoja nami.

Jumatano siwezi kuisimulia vizuri.
Nilikula mabibo mengi kuliko hekima,
nikashinda njia ya chooni.

Ila jioni walikuja wenyewe, kumi na wanane,
na sufuria ya ming'oko inafuka mvuke.
Sufuria si yetu; ni ya Mama Mchopa, jirani wa msikiti,
naye aliituma na neno:
irudi kabla ya Ijumaa, na irudi safi.
Tukala. Tukabishana kama Petro aliogopa maji au aliogopa kuchekwa.
Abisai akalifunga gitaa waya wa breki ya baiskeli
mahali pa ule uzi,
likalia kama mbuzi mwenye mafua,
tukaimba hivyo hivyo.

Kisha ule ukuta.
Bi Asumpta Likanga, ukuta wake wa nyuma
uliondoka na masika ya mwaka jana,
amelala miezi yote na gunia badala ya tofali.
Huku uwandani maji hununuliwa, au hupandishwa kutoka bondeni
kichwani, saa mbili kwenda, tatu kurudi.
Nikahesabu madumu arobaini.
Nikawaona wakiyamimina yote kwenye udongo,
maji ya kunywa, maji ya kunawa uso,
wakayakanyaga kwa miguu huku wanataniana.
Hakuna aliyesali kwa sauti.
Nilifungua kinywa, nikakifunga.

Bi Asumpta, macho yake yamefifia,
akaupapasa ukuta kwa kiganja, polepole,
akafika pembeni, akasimama.
"Hapa amekandika mgeni?"
"Ndiye, bibi."
"Inajulikana."
Usiku nilimsikia Abisai akirudia pembe yangu kimya kimya,
nikajifanya nimelala.

Niandike nini?
Kumi na wanane? Na bibi? Na kuku?
Gitaa linabaki na Abisai, hilo nina hakika.
Shati halitatakata, hata kwa jiki.
Kwenye ule mstari kidole changu kimeacha alama,
ya mviringo, kahawia, ya bibo;
katibu akipenda ataisoma sifuri.

Jana, Jumamosi, tumechelewa siku mbili,
niliichukua ile sufuria, nikaisugua kwa majivu na mchanga
mpaka kucha zikauma,
nikampelekea Mama Mchopa kwa mikono miwili.
Akaigeuza juani, akatazama kitako chake.
"Bado," akasema, akanisogezea kigoda.

Basi la Masasi linapiga honi.
Fulgensi amebeba sweta zangu.
Nami bado ninanuka majivu.