Mizani

Miaka kumi na mmoja, barabara ya Likasi,
lori likipanda sahani ya chuma
nilihisi uzito nyayoni kabla ya saa kuutaja.
Madereva waliniita Kishimba Kilo.
Sikuchukia.

Siku moja Shefu Mutonkole alinijia na soda baridi.
«Hili la nyuma, liandike ishirini na nane.»
Saa ilisema tani thelathini na tatu.
Niliandika thelathini na tatu.
Soda sikuimaliza.

Wiki tatu baadaye kadi yangu haikufungua lango.
Umba mlinzi ndiye aliyekabidhiwa barua anipe:
mistari miwili na mhuri.
*Utoro kazini, tarehe kumi na nne Machi.*
Alinisomea kwa sauti, akaniomba radhi
kana kwamba aliiandika yeye.

Nyumbani Katuba, Mwelwa alikuwa akichambua kapenta.
Hakulia. Alinawa mikono,
akaazima mizani ya sukari kwa jirani,
akailaza barua juu ya sahani.
Sindano haikutikisika.
«Miaka kumi na mmoja,» alisema,
«hata gramu moja hawakukupa.»
Kisha: «Lete daftari lako.»

Maana nina daftari langu mwenyewe,
karatasi za kampuni hulowa.
Machi kumi na nne imo:
malori thelathini na saba, mvua toka saa nane,
la kumi na tisa lilikwama tope hadi ekseli,
dereva wake, kijana wa Kasumbalesa,
akaniachia koti la plastiki
ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango wetu.
Huyo ndiye mtoro. Koti lake lina ushahidi.

Usiku nilikaa kuandika malalamiko.
Sijui kalamu ilipitia wapi, yakatoka hivi:

*Sikuiba, sikulewa, sikutoroka kazini,*
*Onyo mimi sikupewa, wala swali hadharani,*
*Jina limeondolewa, kama chaki ubaoni,*
*Naomba kuelezewa: kosa langu hasa nini?*

Mkaguzi wa kazi, Mama Ngalula,
miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni,
aliyasoma mara mbili. Akatabasamu.
«Mizani imetimia, baba. Sasa nipe tarehe.»

Akaniuliza, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mayai:
Walikuita ujieleze kabla ya kukufukuza?
Hapana.
Notisi?
Hapana.
Mshahara wa mwezi uliouanza? Likizo ulizolimbikiza?
Cheti cha kuonyesha kwamba ulifanya kazi pale?
Hapana, hapana, hapana,
na kila hapana aliiandika kwa wino wa buluu,
hadi nikaona aibu yangu
inahama polepole kutoka upande wangu wa meza.

Nilidhani nimekuja kuomba.
«Hujaja kuomba,» alisema bila kuinua kichwa.
«Umekuja kudai. Kaa vizuri.»
Nikakaa vizuri. Benchi likalia.

Wakapanga Jumatatu, pande zote mbili, saa tatu.

Jumamosi Umba akabisha, hakutaka kuketi.
Bahasha. Ndani, fedha, na karatasi moja:
*Nimeacha kazi kwa hiari yangu.*
Mahali pa sahihi walikuwa wameshaweka alama ya kalamu ya risasi,
wasinichoshe kutafuta.

Mizani ya jirani ilikuwa bado kwetu.
Safari hii sindano ilisogea.
Mwelwa aliitazama sana:
ada ya Kalumba, kodi ya miezi miwili,
unga wa bukari, gunia zima.
Sitadanganya, na mimi niliitazama.
Bukari yetu ya jioni ilipoa.

Kisha akairudisha mizani kwa mwenyewe
bila kuniambia neno.

Nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika nilivyozoea kuandika:
tarehe. Saa kumi na mbili na robo.
Bahasha moja, imeletwa na Umba.
Mzigo haulingani na hati.
Irudi nao ulikotoka.

Nikatia sahihi hapo.
Hapo tu.