Kopo Namba Arobaini na Moja

Huja asubuhi, sakafu ikiwa bado na unyevu wa deki,
makopo wameyafutika kwenye khanga, kwenye mfuko wa sukari.
Leo mmoja amelileta ndani ya kofia,
kofia kaishika kwa mikono miwili kama anapeleka sadaka.
Weka hapo, baba. Hapa hakuna aibu.
Anaweka, kisha anausoma ukuta
ambao haujaandikwa kitu.

Nachota kwa kijiti, napitisha kwenye chekeche,
nafunika kwa kiplastiki kilicholowa rangi ya kijani,
nageuza, nakandamiza kwa dole gumba.
Mama aliwahi kuniuliza, ni kazi gani hiyo ya kusomea miaka mitatu?
Nikamwambia: nasoma.
Sikumwambia nasoma nini.

Safura husomwa kwanza.
Yai lake lina ganda jembamba, haliningoji ninywe chai;
nusu saa limeyeyuka, kioo kinabaki kitupu
na Nyanjige wa wodi ya wazazi anaambiwa huna kitu,
viganja vyake vikiwa vyeupe kama unga wa muhogo.
Yai la mchango halina haraka.
Limevaa koti la manundu, limekaa kama mwenye nyumba.
Na lile refu, lenye mwiba ubavuni,
mwanafunzi wa wiki ya kwanza alilitambua akapiga kelele za furaha.
Nikamkanya: taratibu.
Tumbo hilo lina mwenyewe.

Masanyiwa wa Kome alilazwa kwa mguu.
Pikipiki ilimbwaga, wakamvusha na kivuko
amefungwa ubao wa kitanda kwa kamba ya nyavu.
"Mimi nimevunjika mguu, wewe unataka choo?"
Wodi nzima ikacheka, hata wa dripu.
Nikahesabu miba mia mbili na kumi, nikachoka.
Tumbo lile alikwisha lizoea;
alidhani ni uzee, umeamua kuingilia mbele.
"Maji haya yamenilisha," akasema,
"nayo yana haki ya kula kidogo."
Nilikosa jibu.
Nikampima urefu kwa fimbo ya vidonge, vilevile amelala,
nikamsihi ale ugali kwanza,
dawa hizi hazipendi tumbo tupu.

Ijumaa, meza ikiwa nyeupe
na mwenzangu Bituro ameshavua koti,
nilichukua kopo jipya.
Nilifanya kama wao: nikaliweka mezani, nikatazama ukuta.
Kisha nikazunguka, nikakaa upande wa anayejua.

Moja.
La pili.
Kona ya kushoto, matatu yamelaliana
kama watoto wa mkeka mmoja.
Nilisafisha lenzi, nikarudia.
Lenzi haikuwa na kosa.

Kitabu kina safu ya jina, ya umri, ya wodi.
Baada ya arobaini nikajiandika, Mbuke Lugata, thelathini na nne.
Kwenye wodi kalamu ikasita.
Nikaandika: nyumba za watumishi,
bomba halijatoa tangu Pasaka.
Halafu nikakata ile sehemu ya bomba,
rejesta si barua.

Vidonge vinne, vichungu, nilivimeza nimesimama.

Jumapili nilishuka ziwani na ndoo, huku Igombe,
alfajiri, kama mwizi anayezijua zamu za mlinzi:
konokono hufungua milango yao jua likiwa la utosi.
Nilivaa buti za mvua, kiangazi hiki.
Sayi, mtoto wa jirani, akanicheka,
yeye kandambili kaziacha juu ya jiwe, yumo hadi magotini.
Toka, nikamwambia, mimi nitakuchotea.
"Kwani kuna nini?"
Nikainama kumwonyesha.
Maji yalikuwa maangavu mno.
Tuliona hadi mchanga, hadi vidole vyake kumi,
na hatukuona kitu.