Washa, Zima

Nilimwonya Kalunde mapema:
hii Foniksi ya marehemu baba yako
nitaitia moyo,
ila usinilaumu ikijifunza kukimbia.

Moyo wenyewe ulikuja kwa treni ndani ya boksi la sabuni,
mota ndogo kama sufuria ya uji,
betri nzito kuliko mtoto wa miezi sita.
Nikaifunga kwa mpira wa tairi kuukuu.

Usiku inalala ukutani inanyonya luku.
Mama mkwe anamulika mita kwa tochi ya simu:
“Farasi wako amekula uniti nzima.”
Alfajiri madumu mawili ya asali yanatoka Kipalapala,
na chai ya Kachoma haijapoa
Kalunde keshapanga bei.

Jumanne Afande Nyaulingo akanyoosha mkono.
Leseni? Bima? Namba iko wapi?
Kalunde akampigia kengele.

Afande akalamba kidole, akapekua kitabu:
ukurasa huu, chombo cha kukanyagwa kwa miguu,
ukurasa ule, chombo cha mota,
na katikati, duara la kikombe cha chai.

“Zima.”
Akazima, akakanyaga. Mnyororo ukalia, shingo ikatoa jasho.
Afande akaandika: baiskeli.
“Washa.”
Ikateleza kimya kama mwizi wa kuku.
Akafuta.
Zima. Washa. Karatasi ikatoboka.

Masele wa bodaboda akashuka kwenye pikipiki yake:
“Sisi tunalipa, tunavaa kofia, tunakamatwa.
Huyu je, mkwe wa serikali?”
Watu wakacheka. Mimi sikucheka,
maana namjua mzee Mihambo wa Ng’ambo,
aliyegongwa na kitu ambacho hakukisikia,
na kile kitu nilikifunga mimi, kwa mikono hii.
Bega lake mpaka leo halipandi.

Jioni afande akaja kibandani bila kitabu.
Akazungushia macho spoki, nyaya, betri.
“Fundi, ungeandika wewe hiyo sheria,
ungeanzia wapi?”

Nikafuta grisi kwenye suruali.
“Kwenye kengele,” nikasema.
“Mwendo baadaye. Kodi, nyinyi mtaikumbuka tu.”

Hakujibu. Akaomba aijaribu kidogo,
mpaka pale konani.
Kalunde akamshikia kofia yake nyeupe.
Akawasha, akapotea kwenye vumbi la Isevya.

Muda mrefu hatukusikia kitu.
Kisha, kwa mbali,
kengele.