Alama ya Mwashi

Saa nne na dakika kumi, York, manyunyu.
Bi Enid Thackray hana bendera wala kipaza sauti.
Ana kalamu ya risasi, nayo ndiyo tunayoifuata,
watu kumi na wanne, wengi wetu na viatu visivyofaa.

Ng'ambo ya barabara kijana wa joho jeusi
anauza mizimu:
askari asiye na kichwa, mtawa mla mishumaa.
Wateja wake wanacheka. Kofia inajaa.

Sisi tumesimamishwa mbele ya ukuta.
Ukuta tu, dakika tano nzima.
"Hapa," asema, na kalamu inanyooka bila kugusa
penye mkwaruzo mithili ya unyayo wa kuku.
Alama ya mwashi. Huenda kila mmoja alikuwa na yake,
mawe yahesabiwe, mtu apate ujira wake.

"Jina lake nani?" auliza mzee mmoja wa Leeds.

Angeweza kumtungia. Nani angembishia?
Angempa jina, mke mgonjwa, ngazi iliyoteleza,
tungemlilia hapo hapo, na bahasha zingenona.
Bi Enid alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.

"Sijui.
Miaka thelathini na moja namtafuta katika daftari za malipo.
Kilatini cha haraka, wino umefifia, panya wamekula pembe.
Nimempata fundi vioo. Nimempata muuza chokaa,
hata mama aliyelipwa kwa kufua majoho ya mapadri.
Huyu, bado."

Hata mtoto aliyekuwa akidai chipsi alinyamaza.

Nilikuwa nimelipia kuambiwa,
sikujua kwamba nitaulizwa. Tukipanda ngazi nilimnong'oneza
kwamba baba yangu alijenga nyumba za watu Morogoro,
na kila kizingiti, saruji ikiwa mbichi,
alikibonyeza kwa kidole gumba, upande wa kushoto, chini,
mwenye nyumba asipaone.

Akasimama katikati ya ngazi, msafara ukagongana nyuma yetu.
"Kwa nini kushoto?"

Mdomo ulikuwa tayari na uongo mzuri.
"Sijui," nikasema. "Sikumuuliza."

Akatoa kidaftari mfukoni, kimevimba kwa unyevu,
akaandika: Morogoro. Gumba. Kushoto.
Kisha akaniuliza jina la baba, herufi kwa herufi,
nikalitaja polepole, mvua ikizidi,
naye akalirudia mpaka akalipatia.